Kabla hujalipia leza ya taya

Tangazo la leza ya kutibu maumivu ya taya huenda umeshaliona. Mwanamke amelala kwenye kiti cha daktari wa meno, miwani myeusi machoni, na kifaa chenye umbo la kalamu nene kimegusishwa mbele ya sikio lake. Chini kumeandikwa: hakuna sindano, hakuna kisu, hakuna dawa. Kwenye maoni mmoja anauliza bei, mwingine anauliza kama mionzi hiyo haileti saratani, wa tatu anaapa kwamba dada yake alipona kabisa. Anayeuliza bei mara nyingi ni mtu aliyesumbuka kwa miezi. Ameshatia dawa za masikio, pengine ameng'olewa gego ambalo halikuwa na kosa lolote, na kila asubuhi bado anaamka taya limekaza.

Anachotaka kujua ni kama hiyo leza inafanya kazi. Kwa jinsi ushahidi ulivyo sasa, mwanga huo kweli hufanya jambo fulani mwilini, na ukitumiwa vizuri hauna hatari kubwa. Lakini kwa maumivu sugu ya kiungo cha taya, haustahili kuwa kitu cha kwanza kukitolea pesa. Kuelewa sababu yake inabidi tuanzie kwenye taya lenyewe, kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Kiungo kinachozunguka na kuteleza

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio yako, halafu fungua kinywa polepole. Unachokisikia kikitembea chini ya ngozi ni kichwa cha mfupa wa taya la chini. Mwanzoni kinazunguka palepale. Ukizidi kupanua, kinateleza mbele na kushuka. Tena hakiwezi kwenda peke yake, kwa kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, na kiungo cha kulia kikienda vibaya cha kushoto nacho kinaburutwa. Kati ya kichwa hicho na fuvu kuna kidiski chembamba cha gegedu kinachosafiri nacho kila unapotafuna, unapozungumza au kupiga miayo.

Halafu kuna misuli. Mmoja unaupapasa shavuni ukiuma meno kwa nguvu. Mwingine uko kwenye panja, na ndio unaofanya wengi wadhani wana maumivu ya kichwa ya kawaida. Mingine miwili imejificha kwa ndani, ambako kidole hakifiki kirahisi. Hisia za eneo hili lote, pamoja na meno, shavu na sehemu ya sikio, hubebwa na neva moja kubwa iitwayo trijemina. Ndiyo maana maumivu yanayotoka kwenye msuli wa taya yanaweza kusikika kana kwamba jino linaoza au sikio lina uchafu, na mtu akazunguka kliniki tatu kabla ya yeyote kumgusa taya.

Kwa hiyo, mtu akisema ana "tatizo la kiungo cha taya", bado hajataja ugonjwa. Wataalamu wanahesabu hali zaidi ya 30 chini ya jina hilo: misuli iliyochoka na kukakamaa, kidiski kilichohama mahali pake, gegedu iliyolika, baridi yabisi iliyofika tayani, na nyinginezo. Kwa wagonjwa wengi chanzo kikubwa ni misuli, na kiungo chenyewe kiko salama. Hali hizi huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hasa kati ya miaka 20 na 40. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi 3 huitwa sugu, na hapo mambo hubadilika: neva zimezoea kupiga kengele, na zinaendelea kupiga hata pale jeraha lililoanzisha mambo limeshapona.

Niondoe hofu moja hapa, maana huuza matibabu mengi yasiyohitajika. Taya kulia "tak" unapofungua kinywa, bila maumivu na bila kukwama, ni jambo la kawaida sana. Picha za MRI za watu wasio na malalamiko yoyote huonyesha kidiski kimehama kwa karibu theluthi yao. Mlio peke yake hauhitaji leza, sindano wala kisu.

Huu mwanga ni mwanga gani?

Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman huko Malibu, California, kwa kutumia fimbo ya yakuti. Mwanga wa taa ya kawaida una rangi nyingi na husambaa kila upande. Wa leza una rangi moja, yaani urefu mmoja wa mawimbi, na husafiri kwa pamoja katika mwale mwembamba. Ukiukusanya mahali padogo kwa nguvu ya kutosha, unakata nyama au chuma.

Leza ya taya haina nguvu hiyo. Leza za upasuaji hutumia wati kadhaa, wakati hizi za tiba kwa kawaida hazivuki nusu wati, yaani miliwati 500. Mgonjwa hasikii kitu, au anasikia uvuguvugu kidogo. Rangi yake ni nyekundu, au ni infraredi ambayo jicho halioni kabisa. Urefu wa mawimbi ni kati ya nanomita 600 na 1,000 hivi. Sababu ya kuchagua eneo hilo unaweza kuiona usiku wa leo. Zima taa, washa tochi ya simu na uifunike kwa kidole: kidole kinawaka chekundu. Bluu na kijani zimemezwa na damu njiani, nyekundu imepenya. Infraredi ya karibu hupenya zaidi kidogo. Hata hivyo sehemu kubwa ya mwanga hupotea ndani ya milimita chache za kwanza, na kinachofika ndani ni mabaki. Kiungo cha taya kina bahati ya kuwa karibu na ngozi, tofauti na nyonga, na hiyo ni mojawapo ya sababu za watafiti kukipenda.

Kuhusu saratani: eksirei ina nishati ya kutosha kuvunja vifungo vya molekuli, ikiwemo vinasaba, na ndiyo maana mpiga picha hujificha nyuma ya ukuta. Mwanga mwekundu na wa infraredi hauna nishati hiyo hata uumulike siku nzima. Hata hivyo watoa huduma makini hawaumuliki juu ya uvimbe wa saratani unaojulikana, kwa tahadhari tu, kwa sababu kitu kinachodaiwa kuchangamsha seli hakipelekwi mahali ambapo seli zimeshachangamka kupita kiasi.

Hatari ya kweli iko machoni. Kalamu ya leza ya kuelekezea ubaoni kwa kawaida haizidi miliwati 5. Hii ya tiba inaweza kuwa na nguvu mara kumi hadi mia ya hiyo. Na ikiwa ni ya infraredi, jicho halitashtuka wala kufumba, kwa sababu halioni kitu cha kulishtua. Kliniki inayomulika mbele ya sikio bila miwani maalumu kwa mgonjwa na kwa mtoa huduma imeshajieleza, na mimi ningeshuka kwenye kiti.

Panya walionyolewa

Habari ya leza kuponya ilianza kwa jaribio lililokwenda kombo. Mwaka 1967 daktari Endre Mester, huko Budapest, alikuwa anafuatilia kazi ya Marekani iliyodai kuharibu uvimbe wa saratani kwa leza ya yakuti. Leza yake ilikuwa dhaifu kuliko alivyodhani. Uvimbe haukuondoka, lakini kwenye migongo ya panya aliowanyoa, manyoya yaliota upesi zaidi pale mwanga ulipopita. Baadaye akajaribu vidonda visivyopona. Kutoka hapo ndipo lilipozaliwa tawi zima la tiba kwa mwanga hafifu.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga huo hupokelewa ndani ya mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza nishati, na hasa na kimeng'enya kiitwacho saitokromu C oksidesi. Inadhaniwa mwanga hukifungua kimeng'enya hicho pale kinapokuwa kimezibwa na gesi ya nitriki oksaidi, seli ikapata nishati zaidi na uvimbe ukapungua. Kwenye seli zinazokuzwa maabara mabadiliko hayo yamepimwa mara nyingi. Tatizo ni safari ndefu iliyopo kati ya seli zilizotandazwa kwenye sahani ya kioo na mtu mwenye shavu, ndevu, mafuta, misuli, usingizi mbaya na deni la kodi ya nyumba.

Njiani kuna kikwazo cha dozi. Kusema "nilipigwa leza ya taya" ni kama kusema "nilimeza kidonge": kidonge gani, miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku? Nishati ya leza hupimwa kwa jouli. Wati moja kwa sekunde moja ni jouli moja, kwa hiyo kifaa cha miliwati 100 kikishikiliwa sekunde 60 kimetoa jouli 6. Urefu wa mawimbi nao unahesabika, na ukubwa wa eneo, na idadi ya nukta zinazomulikwa, na idadi ya vikao. Tena dozi kubwa haimaanishi nafuu kubwa. Kwenye maabara kiasi kidogo mno hakifanyi kitu, cha kati kinachangamsha, na kikizidi kinazuia. Sasa fungua tafiti za taya moja moja: huyu alitumia nanomita 780, yule 830, mwingine 904, mmoja alimulika kiungo, mwingine misuli, wa tatu vyote, mmoja vikao vinne, mwingine kumi na viwili. Zote zinaitwa kwa jina moja.

Tafiti zinasema nini

Ubaya wa maumivu sugu, kwa mtafiti, ni kwamba yana misimu. Yanapanda na kushuka yenyewe. Mtu huenda kliniki yakiwa kileleni, na baada ya wiki tatu yangeshuka hata kama angekaa nyumbani. Ongeza kulala kimya nusu saa, mtu mwenye koti jeupe akikugusa kwa upole na kukusikiliza, na matumaini ya pesa uliyotoa. Nafuu hiyo ni ya kweli, dada wa yule mtoa maoni hakudanganya. Lakini haituambii kama ni mwanga uliomponya.

Njia ya kutenganisha ni kuwagawa wagonjwa kwa kura: nusu wapate leza, nusu wapate kifaa kilekile kikilia na kuwaka taa zake huku hakitoi mwanga wa tiba. Kwa bahati nzuri infraredi haionekani, hivyo ni rahisi kumficha mgonjwa asijue yuko kundi lipi. Tafiti za masaji hazina urahisi huo. Majaribio ya namna hii yamefanywa mengi, hasa Brazil, Uturuki na Iran. Mengi ni madogo, na matokeo yanapingana: wapo walioona leza imeishinda leza ya bandia, wapo walioona makundi yote mawili yamepata nafuu sawasawa. Baadhi ya mapitio yaliyojumlisha majaribio hayo yanasema leza hupunguza maumivu kwa kiasi, kisha yanakiri kwamba tafiti nyingi zina kasoro.

Desemba 2023 jarida la tiba la BMJ lilichapisha mwongozo wa jopo la kimataifa, Jason Busse wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada akiwa mwandishi wa kwanza, kuhusu maumivu sugu ya taya ya aina hii. Ulitegemea uchambuzi wa majaribio 153 yenye washiriki zaidi ya 8,700. Leza ya nguvu ndogo, peke yake au ikichanganywa na kingine, iliwekwa kwenye orodha ya yale ambayo jopo linashauri yasitumike, ila ni ushauri "wenye masharti". Maana yake, jopo linaamini wagonjwa wengi wakielezwa ukweli wote hawatailipia, ingawa wachache wanaweza kuichagua kwa sababu zao. Haikupigwa marufuku. Kwenye kundi hilohilo waliweka pia sindano za botoksi, sindano za steroidi kwenye kiungo, hata kinga za plastiki za kuvaa usiku, jambo lililowaudhi madaktari wa meno wasio wachache. (Kinga ya usiku bado ina kazi yake ya kuokoa meno ya anayesaga usingizini. Kulinda meno na kutuliza maumivu ni mambo mawili.)

Kuna kitu kinachowachanganya watu hata wakisoma vizuri: mwanga huohuo umekubalika kwingine. Wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo wanaopigwa mionzi hupata vidonda vibaya kinywani, na miongozo ya kimataifa inapendekeza tiba ya mwanga hafifu kuvizuia. Hakuna mgongano hapo. Utando wa kinywa uko wazi, mwanga unaufikia moja kwa moja, kidonda kinaonekana na kupimwa. Taya sugu lina msuli, kiungo, neva na usingizi kwa pamoja. Ushahidi wa kidonda hauhamishiki kwenda tayani.

Na lile neno la kwenye matangazo, "imeidhinishwa na FDA"? Kwa vifaa vingi vya aina hii, mamlaka hiyo ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba imeviruhusu kuuzwa kwa sababu vinafanana na vifaa vilivyokuwepo sokoni. Vingi vimepita kwenye kundi la taa za infraredi za kupasha ngozi joto na kutuliza kwa muda maumivu madogo ya misuli na viungo. Ruhusa hiyo haimaanishi kwamba kuna aliyethibitisha vinaponya kiungo cha taya.

Vilivyoshinda leza

Ukisoma orodha ya yale ambayo jopo lilipendekeza kwa nguvu, unaweza kuvunjika moyo kwa jinsi yasivyo na mng'aro: mazoezi ya taya na ya kunyoosha mkao chini ya usimamizi wa mtaalamu wa fiziotherapia, kukandwa kwa mikono sehemu za misuli zilizofunga, tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili fikra na tabia zinazochochea maumivu, na maelezo mazuri pamoja na mazoezi ya nyumbani. Hakuna kliniki itakayoweka picha ya mtu anayejifunza kuachanisha meno. Nadhani ndiyo sababu huyasikii.

Na kuachanisha meno ni jambo kubwa. Jichunguze sasa hivi: meno yako yanagusana? Taya lililopumzika lina midomo iliyofumba, meno yaliyoachana kidogo, na ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu ya mbele. Wengi hukaza bila kujua wakiwa kwenye usukani, mbele ya kompyuta, au wakisoma ujumbe wa bosi. Kitambaa cha uvuguvugu shavuni kwa robo saa husaidia misuli iliyokaza. Wakati wa maumivu makali, acha kwa muda jojo, miwa, mahindi ya kuchoma na nyama ngumu, kata chakula vipande vidogo. Anayetafuna mirungi kwa saa tano mfululizo kisha akanunua vikao vya leza anamwaga maji kwenye pipa lililotoboka.

Tiba ya mazungumzo huwakwaza watu, na nawaelewa: mtu aliyeteseka mwaka mzima hataki kuambiwa maumivu yako akilini. Hakuna anayesema hivyo. Neva zilizozoea kupiga kengele zinaweza kufundishwa kutulia, na usingizi, hofu na msongo ni sehemu ya mitambo yake kama gegedu ilivyo.

Usiopaswa kuukubali kwa haraka ni uamuzi usiorudishika: kusaga meno mazima ili "kurekebisha kuumana", au upasuaji wa kutoa kidiski. Jopo lilipinga kwa nguvu kutoa kidiski na vifaa vya kinywani vinavyobadilisha mpangilio wa meno moja kwa moja. Marekani ina kovu la habari hii. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Vitek ya Houston iliuza vipandikizi vya taya vya Proplast-Teflon. Vilivunjika ndani ya viungo, vipande vikachochea mwili kula mfupa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaondolewa sokoni. Baadhi ya wagonjwa walibaki wakifanyiwa upasuaji mmoja baada ya mwingine. Ukiilinganisha na hayo, leza ina sifa moja ambayo siidharau: isipokusaidia, umepoteza pesa na muda, taya lako liko vilevile.

Ukiamua kujaribu

Iwe pamoja na mazoezi, isiwe badala yake. Uliza kwanza utambuzi wako ni upi: msuli, kiungo, au vyote? Asiyekupapasa misuli wala kupima kinywa kinafunguka kiasi gani hana msingi wa kukumulika. Uliza urefu wa mawimbi, nguvu ya kifaa, na jouli kwa kila nukta. Mtoa huduma anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika. Kama ngozi yako ni nyeusi sana, mwambie usikiapo joto, kwa sababu melanini hunyonya mwanga, na mwekundu zaidi ya infraredi, hivyo dozi iliyoandikwa kwenye kitabu kwa ngozi nyeupe huenda isiingie vilevile. Kataa kifurushi cha vikao kumi vya kulipiwa mapema. Kubaliana naye mapema mtapima nini, mathalani vidole vingapi vinaingia kati ya meno ya mbele (vitatu ni kawaida kwa mtu mzima), na ni lini mtaacha kama hakuna mabadiliko.

Barakoa za taa nyekundu zinazouzwa mtandaoni ni jambo jingine. Nyingi hutumia taa za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya ngozi ya uso. Sioni sababu ya kuzinunua kwa ajili ya taya.

Na kuna maumivu ya taya yasiyosubiri majadiliano haya. Yanayokuja ukipanda ngazi au ukiharakisha, pamoja na kubanwa kifua au jasho, yanaweza kuwa moyo. Mtu aliyevuka miaka 50 anayeumwa taya akitafuna huku kichwa kikimuuma upya na macho yakififia anaweza kuwa na uvimbe wa mishipa ya damu unaopofusha. Homa, shavu kuvimba, ganzi usoni, au kinywa kilichobaki wazi bila kufunga vinahitaji hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo taya linaloanza kukaza ghafla kwa mtu aliyechomwa na msumari au mwenye kidonda kichafu, hasa kama hakumbuki alichanjwa lini: hiyo inaweza kuwa pepopunda.